Kitovu cha Mdogo Wangu Mezani kwa Daktari

Mdogo wangu alikuwa mwongo mtamu kuliko waongo wote niliowahi kuwajua, na mimi nimefundisha shule ya msingi hapa Arua karibu maisha yangu yote, kwa hiyo waongo nimewajua wengi. Alifanya biashara ya kuku. Siku za soko alikwenda kuwanunua kijijini Adumi, akawafunga miguu, akawaning'iniza kwenye pikipiki vichwa chini, akawaleta mjini kuwauza kwa maneno. Kuku mzee aliitwa amekomaa. Kuku mgonjwa aliitwa mpole. Nilimsikia siku moja akimwambia mteja kwamba jogoo mwenye jicho moja ndiye bora, maana hapotezi muda kutazama majike ya jirani, na yule mteja akamchukua huku anacheka. Mkewe alikuwa amekwisha kurudi kwao, amechoshwa na maneno hayo hayo. Mama yetu hakuchoka hata siku moja.

Mama anakaa Koboko. Sisi ni Wanubi. Mababu zetu walikuja huku wakiwa askari kutoka Sudan, wakaoa, wakazeeka, na safari ya kurudi ikaahirishwa mpaka leo. Mdogo wangu alipopita Koboko, Mama alimwekea kisra, ule mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa kuchovyea, kisha akakaa mbele yake kusubiri. Naye alimwambia kwamba hajala kisra kama hiyo tangu azaliwe, kwamba ameswali alfajiri, kwamba yuko karibu kabisa kuoa tena. Mama alijua kisra imeungua pembeni, alijua alfajiri ilimkuta mwanawe amelala, na kuhusu mke alijua kuliko sote. Alimpakulia tena.

Ajali yenyewe ilikuwa ya aibu. Alikuwa anatoka Adumi na mzigo wake, akakutana na mbuzi katikati ya barabara. Mbuzi alisimama, akamtazama. Helmeti ilikuwa imetundikwa kwenye usukani, ambako iliulinda usukani vizuri sana. Mdogo wangu aliruka akatua kwa kichwa. Mbuzi aliondoka mzima, kuku waliofunguka kamba waliondoka wazima, na nadhani watu wa pale walikula vizuri jioni ile.

Alilala hospitalini hajitambui, kichwa kimevimba, na madaktari wakatuambia ubongo umetikisika na kuvuja damu, tungoje. Sikujua kungoja ni kazi nzito namna ile. Nilikuwa naingia darasani asubuhi, nasahau ni somo gani, nawaambia watoto wachore chochote. Siku alipofungua macho nilifurahi mpaka nikamkumbatia muuguzi ambaye nilikuwa nimegombana naye saa chache kabla.

Tukamchukua akakae kwangu Arua, karibu na daktari wake, na hapo ndipo tulipogundua nani ametoka hospitalini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu. Pua yake ilikuwa hainusi kitu; ungeweza kuunguza maharage mbele yake asijue. Kelele zilimuumiza kichwa mpaka akalia. Lakini kubwa kuliko yote, uongo ulikuwa umetoka. Sijui ulikuwa unakaa upande gani wa kichwa, ila ndio upande uliogonga barabara.

Sheikh wa mtaa alikuja kumwombea dua. Aliomba kwa muda mrefu na kwa sauti nzuri. Alipomaliza, mdogo wangu alimshukuru, kisha akamweleza kwa upole kwamba mawaidha yake ya Ijumaa ni yale yale tangu Ramadhani. Wanaume waliokaa mkekani walitazama chini, kwa sababu ilikuwa kweli na hakuna aliyewahi kuthubutu. Jirani aliyeleta uji aliambiwa umejaa madonge. Mimi niliambiwa kwamba nanenepa, na kwamba nikikasirika natoa sauti ya cherehani mbovu.

Alipopata nguvu kidogo nilimrudisha sokoni na kuku wachache, nikakaa kando kumwangalia. Mama mmoja akamshika kuku, akauliza bei. "Hii kuku iko mzee," mdogo wangu akamwambia. "Mimi mwenyewe hapana weza kula." Siku ile tuliuza kuku mmoja tu, na aliyemnunua alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili.

Kusema kweli, nilianza kumfurahia. Majirani zangu nao walianza kuja kumwazima. Mtu akitaka kununua mbuzi, anakuja kumchukua mdogo wangu amtazamie mbuzi, na amtazamie na mwenye mbuzi. Alirudi nyumbani amechoka lakini amenyooka mgongo, amefanya kazi.

Usidhani ilikuwa vichekesho tu. Nilimtuma sabuni siku moja, asirudi. Nilimkuta ameketi karibu na kituo cha mafuta, sabuni mkononi, hajui nyumba iko upande gani, na anaona haya kuuliza njia ya mtaa aliouzia kuku miaka yote. Nilijifanya nilikuwa napita tu. Alinitazama akaniambia kwamba sikuwa napita tu. Tulirudi tukiwa tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea, watu wazima wawili wenye mvi.

Mama yeye alikuwa matangani bila maiti. Alikuja Arua kila alipopata nafasi, na kila alipokuja alipika, akamwekea mwanawe sahani, akakaa mbele yake. "Iko namna gani?" alimuuliza, akasubiri. Na yeye akatafuna, akafikiri, akasema iko ngumu. Mama alitoka nje akashughulika na vyombo visivyo vichafu. Safari iliyofuata aliuliza tena. Nilimwambia, Mama, acha kumuuliza. Hakuacha. Alikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama, na mimi iliniuma na kunikera kwa wakati mmoja.

Habari za seli shina zilifika Koboko kabla ya umeme wa kutegemea. Kwanza ilikuja video kwenye simu: mzungu aliyeanguka na farasi, halafu sindano, halafu mzungu huyo huyo anatembea ufukweni. Halafu akaja mtu mwenye tai. Alipanga chumba karibu na soko, akatundika picha ya ubongo yenye rangi nyingi, akawakusanya wenye wagonjwa na kuwaeleza. Alisema mwilini kuna seli ambazo ni kama makuruta: wamekwisha kuandikishwa, lakini bado hawajapangiwa kazi. Ukiwapeleka kwenye mguu wanakuwa mguu, ukiwapeleka kwenye ubongo wanakuwa ubongo. Makuruta bora kuliko wote, alisema, wanatoka kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Yeye angewapeleka wagonjwa ng'ambo wakachomwe sindano. Jina la nchi lilibadilika kulingana na anayeuliza.

Mama ni binti wa askari, mjukuu wa askari. Mambo ya makuruta hahitaji kuelezwa mara mbili. Alichokwama nacho ni gharama, maana ingebidi auze kiwanja. Alirudi nyumbani akawaza, na katika kuwaza kwake akapata jibu ambalo naapa hakuna profesa angelipata.

Hapa kwetu, ukitaka nguo hununui kitambaa kwa fundi. Unakwenda na kitenge chako, unachagua mshono, unalipa mikono yake tu. Na Mama kitenge alikuwa nacho.

Nieleze. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka hakitupwi. Kinazikwa nyumbani kwao, ili popote atakapokwenda ajue kurudi. Changu kimezikwa Koboko. Lakini mdogo wangu alizaliwa ukimbizini, ng'ambo ya mpaka, wakati watu wa West Nile, mkoa wetu huu, walipokimbia vita na masufuria vichwani, na Mama akakataa kumzikia mwanawe kitovu kwenye ardhi ya kuazima. Akakikunja katika kipande cha gurbaba, nguo yake ya kujifunga, akakiweka katika kikopo cha mafuta ya kupaka. Tukarudi, tukakuta nyumba haina paa. Halafu baba akafariki. Halafu tukapanga huku, tukapanga kule, na Mama akisema tukitulia atakizika. Kikopo kilikaa sandukuni, na kila mdogo wangu alipochelewa safarini tulikilaumu.

Basi Mama alikipeleka kwa yule mtu wa tai. Mtu mwenye aibu angecheka, au angekohoa. Yeye alikifungua, akakinusa, akakipima kiganjani, akatangaza kwamba kitovu cha zamani kina nguvu kushinda cha jana, kwa sababu seli zimepumzika. Bei ingepungua, ila si sana. Mama alirudi nyumbani anaimba.

Nilipofika Koboko mwisho wa juma akanisimulia, nilipandwa na hasira. Nilisema maneno mengi ambayo binti hamwambii mama yake, na mengine ambayo mwalimu hamwambii mtu yeyote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, kwa sababu maji ya chai yanachemka. Tulipokunywa chai tukapatana: tukamuulize daktari wake Arua. Akisema kitovu kinafaa, mimi mwenyewe nitakibeba mpaka hiyo nchi yenye majina mengi. Akisema hakifai, mtu wa tai asahau.

Siku zote hizo hakuna aliyemuuliza mdogo wangu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na sisi tulikuwa tumekwisha kupanda kutoka uji mpaka sindano ya uti wa mgongo bila kumuuliza.

Daktari alikuwa mwanamke, Mlugbara wa Ayivu, kijana kiasi kwamba kila nilipomwona nilitaka kumuuliza alisoma shule gani, huenda ni yangu, nami niringe. Chumba chake kilikuwa chini ya Arua Hill. Tuliingia watatu. Mama alikuwa amevaa kama siku ya Idi. Hakungoja salamu zikamilike. Alikitoa kikopo, akakifungua kitambaa, akaweka kitovu cha mwanawe mezani, katikati ya kipimo cha presha na kikombe cha kalamu.

"Dokta, ile kitu wanatafuta, sisi iko nayo," akasema. "Ya kwake mwenyewe, si ya mutu ingine. Wewe tengeneza tu."

Nilimkazia macho daktari. Nilikuwa natamani acheke, na nilikuwa tayari kabisa kumvaa kama angecheka. Midomo yake ilihangaika kidogo, halafu ikatulia. Alimuuliza Mama kama anaruhusiwa kukishika. Akakishika kwa mikono miwili, akakitazama, akasema kimetunzwa vizuri sana. Nikampenda papo hapo.

Akatuuliza mtu wa tai alisema nini, akasikiliza yote pamoja na makuruta. Akasema kuhusu makuruta hakudanganya sana. Seli hizo zipo kweli, na kwenye kitovu zipo kweli. Lakini lazima ziwe hai. Za kitovu huchukuliwa saa ile ile mtoto anapozaliwa, zinagandishwa kwenye baridi kali ambayo Koboko haijawahi kuiota. "Mama, wewe umelima," akamwambia. "Ukitaka muhogo mpya unapanda kijiti kibichi. Kikikauka miaka hii yote, ni kuni." Mama akakubali kwa kichwa, polepole. Muhogo hauna ubishi.

Daktari hakuishia hapo, ingawa nilimwomba kwa macho aishie hapo. Alisema hata seli mbichi, kwa ubongo ulioumia, bado zinajaribiwa. Wako wagonjwa katika majaribio ambao mkono ulipata nafuu, wako ambao hawakuona kitu, na wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Wanaoziuza kama dawa iliyokamilika wanawahi mavuno ya shamba ambalo halijaota. Tena wako waliochomwa kwa siri, zile seli zikaota pasipotakiwa, zikawa uvimbe.

"Kuruta bila sajini, yeye naiba kuku," Mama akasema.

Daktari akakubali kwamba ndiyo hivyo hasa. Kisha akaeleza yeye anaweza nini: mazoezi ya mkono, kulala vya kutosha, kuandika mambo kwenye simu asisahau, kumwepusha na kelele. Mkono ungepona zaidi. Kichwa kingepungua kuuma kidogo kidogo. Mama alisikiliza yote kwa adabu, lakini nilimwona hayuko kwenye mkono. Akauliza lile lililomleta.

"Na mutoto yangu ya zamani? Yeye nakuja lini?"

Daktari alimtazama mdogo wangu, akamtazama Mama. Akasema pengine kidogo kidogo baadhi ya mambo yatarudi, lakini yule mzima mzima kama alivyokuwa, yeye hawezi kumwahidi. Hataki kumdanganya.

Mama akakusanya kile kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Hii hapana danganya," akasema, akionyesha mwanawe kwa kidevu. "Na wewe hapana danganya. Sasa nani nabaki kudanganya mimi?"

Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki inayokataa kuwaka.

Ndipo mdogo wangu akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkono mbaya umeshikwa na mkono mzuri, nikadhani ametusahau au amejisahau.

"Mama," akasema, "kama ile mutoto unatafuta iko kule, mimi nakwenda kumuleta."

Katika siku zake za utamu angeweza kusema maneno kama hayo kila Jumamosi, na tungecheka, na Mama angempakulia tena. Lakini huyu hakuwa na uwezo wa kusema jambo ili limpendeze mtu. Aliposema atakwenda, ilikuwa ni kwamba atakwenda: atapanda ndege na kichwa chake kisichostahimili hata redio, atapotea njia katika mji asioujua, atawageuzia watu wasiojulikana mgongo wake wamchome, kumtafutia mama yake mwana ambaye si yeye. Nilijisikia vibaya sana. Mama alichukua kikopo chake, akamshukuru daktari kwa Kilugbara, na tukatoka.

Nyumbani kwangu Mama alifunga kanga kiunoni akapika bila kuongea, jambo ambalo kwa Mama ni dalili mbaya kuliko homa. Mdogo wangu alikwenda nyuma ya nyumba kunawa. Nilikuwa natandika mkeka simu ya Mama ilipolia. Mama husikiliza simu kwa sauti ya nje, ameishika mbele ya uso kama kioo, kwa hiyo mtaa mzima hushiriki. Alikuwa mtu wa tai. Alimwita "mama yangu mpendwa", akamuuliza mgonjwa atasafiri lini, kwa sababu nafasi zinajaa.

"Ile mgonjwa hapana iko," Mama akamjibu. "Alikufa."

Nilibaki nimeshika pembe ya mkeka. Yule mtu akatoa pole, na akauliza, nadhani kwa sababu hakujua aulize nini, ilitokea lini.

"Siku ya pikipiki, njia ya Adumi," Mama akasema. "Sisi hapana jua. Leo ndio tunajua. Sasa iko mutoto ingine hapa, na huyu hapana taka kitu yako."

Akaikata. Akaiweka simu juu ya gunia la mkaa, akavuta mtandio usoni, akalia. Alilia kilio chenyewe, cha mtu aliyefiwa, kwa sauti, akitaja kuku na safari na maneno matamu ya mwanawe, kama tunavyofanya kwetu maiti akiwa bado ndani. Tangu ile ajali hakuwa amelia. Nikakaa chini kando yake nikalia naye, kwa sababu mimi pia nilimpenda yule mwongo, na hakuna aliyekuwa ametupa nafasi ya kumlilia.

Mdogo wangu aliingia mbio kutoka nyuma ya nyumba, mikono inachuruzika maji, amejiziba sikio moja kwa bega.

"Nani alikufa?" akauliza.

Mimi nilitazama mkeka. Mama alijifuta macho, akajifuta na pua, akasogeza sahani mbele ya mahali pa mwanawe. Safari hii hakukaa kusubiri aambiwe iko namna gani. Alikata kisra, akaanza kula.

"Wewe," akamwambia. "Kaa, chakula napoa."